Akiba ya Vigae

Kompyuta sita, zilizostaafishwa na benki,
tulizipakia kwenye guta pale Barabara ya Saba,
tukazifunika kanga ya Mwanakombo mvua isizionje.
Mbaruku ndiye aliyezipa majina:
Pongwe, Duga, Makorora, Chumbageni, Donge.
Ya sita feni yake ilikuwa ikikohoa.
Tukaiita Pumu.

Kabla ya hapo ramani ilikuwa kungoja.
Mpima ardhi afungua skrini: kijivu.
Abofya Ngamiani: kijivu.
Ombi latoka, lapita Segera, lafika Dar,
lavuka huko kusikojulikana, labisha hodi nyumba ya watu,
larudi na kigae kimoja:
pembe ya paa na nusu ya mnazi.
Kisha lafunga safari upya kufuata nusu ya pili.
Mteja, karatasi ya kiwanja mkononi,
keshakula muhogo, keshaswali adhuhuri,
mtaa wake haujafika.

"Kwa nini tuagize Tanga kutoka nje,"
aliuliza Mwanakombo kwenye meza ya dirishani,
"na sisi tumo Tanga?"

Ikawa kazi.
Swichi ya matundu nane, mawili yamekufa.
Nyaya tulizibana wenyewe kichwa kwa kichwa,
Mbaruku akizikariri rangi kama mtoto wa chuoni na alifu yake:
chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu,
akikosea anaanza mwanzo.
Hewa yetu ina chumvi inayokula hata misumari;
kila Ijumaa tunazifuta mashine migongo kwa spiriti.
Moja ikae mlangoni, ipokee maombi, iwagawie wenzake
kama mpakuaji wa pilau asiyejua shemeji wala jirani,
na aliyezidiwa arukwe zamu.
Pongwe ikizima, Duga ina nakala.
Duga ikizima, Donge.
Umeme ukikatika, betri ya gari ina dakika arobaini,
na baada ya hapo ni Mungu na mshumaa.

Usiku kucha tulizilisha jiji,
kigae baada ya kigae, toka kiwanda cha saruji hadi Raskazone.
Asubuhi Mwanakombo akabofya.
Ngamiani ikatandazika kama mkeka,
barabara zake zote za namba, zimenyooka.
Hakusema kitu. Akabofya tena,
kama mtu anayejaribu meno mapya.

Mji huu husemwa: waja leo, waondoka leo.
Vigae vyetu vilikuja vikakaa.

Akiba haiozi, walisema wahenga.
Hawakuwahi kuweka akiba ya ramani.
Wiki ya tatu alikuja Sengasu, injinia wa mitaro,
viatu vina tope, hasira imepigwa pasi.
Nyumba kumi na moja za Mikanjuni
alizozibomoa kwa kibali na kwa fidia
kwetu bado zimesimama, na mabati yake.
Ya nne kutoka mwisho ina kamba ya nguo.
Mwanakombo aliikodolea skrini,
akasema shuka lile ni la mama,
lile lenye kiraka.

Nikaandika umri: siku saba kwa kila kigae,
kisha kife, kiletwe kingine.
Mstari mmoja tu wa amri, na nukta mkato mwishoni.
Vikafa vizuri. Mtaro ukapita.
Sengasu akatuma soda.

Ila ndani ya Pumu kuna kigae kisicho na siku ya kufa.
Sikukiweka mimi. Mbaruku anaapa kwa watoto wake.
Huombwa mara moja kwa siku,
saa kumi na moja kasoro, wengine wakifunga madroo,
na ombi hutoka meza ya dirishani.

Nimeyasoma haya kwenye daftari la seva, nikalifunga.
Feni hukohoa kidogo,
jibu hufika kwa milisekunde nne.