Safu ya Sita

Wakaguzi wanakuja Jumanne. Wametanguliza fomu.
Wanataka historia ya shule, aya moja,
na wasifu wa waliodahiliwa, kwa tarakimu.

Haya. Historia.
Lilikuwa ghala la zabibu, huku Nkuhungu,
bati juu, saruji chini, katikati harufu ya siki.
Mvua ziligoma, mwenye ghala akafilisika,
Wakili Nhonya akalichukua badala ya ada
ya kesi aliyoishinda bila kulipwa.
Hakuwa na chuo kikuu cha kumbeba mgongoni,
wala dayosisi, wala wizara, wala mzungu.
Alikuwa na Sheria za Nchi, majuzuu kumi na manne,
mawili yameliwa na mchwa mpaka kwenye faharasa,
na sauti iliyozoea mahakama zisizo na dari.

Wa kwanza walikuwa kumi na mmoja:
makarani wa mahakama ya mwanzo, polisi aliyeacha kazi,
mkunga wa Hombolo, dalali wa mnadani
aliyechoka kuitwa shahidi kila mwezi.
Walikalia kreti. Ukiinuka kujibu swali,
nyuma umebaki na doa la zambarau.
Mjini Dodoma wakatubatiza Makalio-Mvinyo.
Mmoja wao leo ni hakimu. Doa, anasema, halijatoka.

Mimi niliajiriwa kushika daftari.
Jina, umri, atokako, alama, ada:
safu tano zilizokuja na daftari kutoka dukani.
Ya sita Nhonya aliichora mwenyewe kwa rula,
akaandika juu yake: *Kwa nini*.

Tarakimu, basi.
Waombaji mwaka huu mia tatu na tisa.
Viti sitini. Tumepokea sitini na wawili,
wawili wamekubali kusimama.
Wanawake ishirini na tisa.
Umri wa kati, miaka thelathini na mmoja.
Daraja la kwanza wanne, na wote wanne wataondoka
wakiitwa kwingine kabla ya Krismasi.
Wenye sifa linganishi, kumi na tisa.
Fomu imejaa. Fomu imeridhika.

Lakini Mbeleje Chilongani, arobaini na minne, wa Mvumi,
Kiingereza D, historia D, ada kwa mafungu:
*Baba alitia dole gumba kwenye karatasi.
Nataka kuisoma.*

Na Hagai Masinjisa, tangu mji mkuu ulipohamia kweli
na vigingi vya wapimaji kuota kwenye mtama wao:
*Nimehamishwa viwanja vitatu.
Cha nne nihamishwe kwa maneno ninayoyaelewa.*

Na kijana wa Kondoa: *Mjomba amesema.*

Na mmoja aliyeiacha wazi,
kasoro tone la mafuta, la maandazi nadhani.
Huyo naye tumempa kiti.

Kwenye daftari la tatu, mstari wa thelathini na saba,
kuna jina langu.
Nhonya alilisoma, akavua miwani, akacheka:
“Ukiingia darasani wewe, nani ataandika?”
Akalikata kwa wino wa kijani.
Nami nikacheka. Tulikuwa tukicheka sana siku zile.
Amelala Hombolo sasa, mwaka wa nane,
na mimi bado nina mwandiko mzuri.

Usiku huu nimelifungua, nililetee mwanga wa simu.
Umri wangu unasomeka. Alama zinasomeka,
tena si mbaya hata kidogo.
Safu ya sita niliijaza kwa haraka, kalamu ikikauka,
vumbi la miaka yote limepita juu yake,
na hata mimi, mwandishi wake,
sioni tena nilitaka nini.

Chini ya fomu ya wakaguzi, kwa herufi ndogo:
*Mwombaji haruhusiwi kuongeza safu.*

Nimevuta droo zote mbili.
Rula ilikuwa hapa.