Besi Hutumwa Mapema

Usiku wa nne, mimi na Tjaakje mwenye funguo,
katika kanisa la matofali kaskazini ya Groningen
ambako ardhi, iliyonyonywa gesi miaka nenda miaka rudi,
hushtuka usingizini na kupasua kuta.
Nje nyuzi mbili. Ndani nyuzi nne.
Nimeingia uvunguni mwa kinanda kwa tumbo, tochi mdomoni,
nahesabu sumaku:
hamsini na nne za mikono, ishirini na saba za miguu,
kila moja na waya wake, kila waya na vali yake,
na juu ya kila vali bomba limebana pumzi.

Kompyuta nimeiweka kwenye benchi la mpigaji,
pale alipokaa Harmannus miaka thelathini na tisa
hadi baridi yabisi ilipomkunja vidole.

Nikabonyeza. Tekno,
mapigo mia moja ishirini na nane kwa dakika.

Aibu iliyoje!
Filimbi ndogo, za urefu wa kalamu,
zilidakia papo hapo kama chiriku.
Lakini lile jibaba la mbao, futi kumi na sita,
lilikuwa bado linakohoa, linajikusanya,
likaja kusema *mmm*
wenzake wameshahamia mstari wa pili.
Tjaakje alicheka hadi kahawa ikammwagikia glavu.

Nikaongeza nguvu. Kinanda hakijui nguvu.
Kwake kuna ndiyo na kuna hapana;
ukigusa kwa huba, ukigusa kwa hasira,
kitalia vilevile.

Nikafungua vali ishirini kwa mpigo:
upepo ukapwaya, sauti ikateleza chini,
nyumba nzima ikatweta.
Hicho nikakihifadhi.
Hicho ndicho nilichokijia.

Saa sita kasoro nikampigia Harmannus. Hakuwa amelala.
“Lile kubwa ulilifanyaje?”
Kimya. Kijiko kikagonga kikombe.
“Mguu wa kushoto ulitangulia.
Sikuufundisha. Washarika walidhani tunafika pamoja.”

Basi nikaitanguliza besi:
milisekunde tisini. Bado.
Mia moja na kumi,
kabla ya mdundo, kabla haijahitajika,
kama posho ya msafiri inayofungwa jana yake.

Ikatua.

Ikatua penye nyonga.
Chokaa ikadondoka juu ya mawe ya makaburi,
juu ya majina ya wachungaji yaliyosuguliwa na viatu.
Tjaakje, miaka sitini na minane, koti na mabuti,
akautazama ufa ulio nyuma ya mimbari,
akaweka funguo chini.
“Kampuni imetutikisa vya kutosha,” akasema.
“Leo tujitikise wenyewe.”

Simu sikuwa nimeikata.
Iko benchini, imelala chali,
na ndani yake, mbali, mtu anagonga sakafu
kwa mguu mmoja,
mbele yetu kidogo.