Tundu la Nne

Karakana ya Chengo iko Barani, nyuma ya kinu cha unga.
Mashine yake ya milingi imenizidi umri,
rangi ya kijani imebanduka, na juu ya meza yake
kuna makovu ya watu waliokuwa na haraka.

Bahero alileta flanji ya pampu kutoka Gongoni,
imeliwa na maji ya chumvi hadi matundu yamekuwa midomo.
"Nataka mpya. Kesho. Maji hayapandi mabwawani."
Matundu sita juu ya duara,
kutoka kitovuni hadi kila tundu, milimita sabini,
na bolti zake zimekerezwa kumi na nne kasoro unywele.

Chengo hakugusa swichi.
Alifuta meza kwa kiganja kitupu,
maana kitambaa hakikwambii chembe iko wapi.
Akafunga chuma, akaizungusha saa ya kupimia ndani ya tundu la kati.
Mshale ukayumba huku, ukayumba kule,
akawa anabembeleza magurudumu, hili kidogo, lile kidogo zaidi,
mpaka mshale ukanyamaza.
"Hapa ndipo sifuri. Usiisahau
hata mama yako akipita mlangoni."

Mlangoni akaandika kwa chaki:
thelathini na tano; sitini, nukta, sita mbili.
Hesabu ya pembe niliyoifeli kidato cha tatu
imenifuata hadi Barani, imevaa ovaroli.

"Sasa sikiliza, Jumwa. Skrubu ina uongo ndani yake.
Unazungusha, namba zinakwenda, meza bado imelala.
Ukipita alama usirudi hatua mbili ukajidai umefika.
Rudi mbali, hadi uongo uishe,
halafu uje tena kwa upande uleule."

Nikasema nimeelewa.

Tundu la kwanza: keekee fupi ya kuonyesha njia,
kwa sababu ile ndefu ikikosa pa kuanzia hutembea.
Kisha ya kumi na tatu na nusu, mafuta yakifuka,
kisha rima, polepole, kama unayemvua mgonjwa shati.
La pili. La tatu.
Chengo akatoka kununua umeme wa simu.

La nne, kinu cha jirani kikanguruma, sakafu ikatetemeka,
nami nikapita alama kwa mistari mitatu.
Nikarudi mistari mitatu.
Namba ikasema sabini.
Nikaiamini namba.

Lilitoboka vizuri, wallahi.
Vinyweleo vya chuma vilijiviringisha kama kawaida,
ukuta wake uking'aa kama lina haki ya kuwa pale.

Chengo aliporudi alikuta matundu sita.
Akaweka kifuniko cha pampu juu, akadondosha bolti.
Tano zilizama kwa uzito wake wenyewe.
Moja ilisimama.

Karatasi mbili nyepesi za daftari: ndiyo kosa lote.
"Tulichonge kwa tupa," nikasema. "Bahero hataona."
"Bahero hataona," akasema. "Pampu itaona."
Kisha akakaa juu ya ndoo, akala mahamri yake,
hakunena neno mpaka ya mwisho.

Chuma cha pili nilikifunga mwenyewe, saa mbili usiku,
bati la paa limepoa, kinu kimelala.
Nilitafuta sifuri mara tatu, si kwa sababu sikuipata.
Nilipofika la nne nilipita tena, safari hii mstari mmoja.
Nikarudisha gurudumu mzunguko mzima,
nikasubiri kidogo, sijui nikisubiri nini,
nikaja.

Bolti ilishuka ikipumua,
sauti ndogo, kama mtu anayeketi.

Bei ya chuma cha kwanza ilikatwa kwenye mshahara wangu, mafungu mawili.
Flanji yenyewe ndiyo inayozuia mlango usipigwe na upepo.
Kila asubuhi naisukuma kwa mguu mahali pake
na tundu la nne
nalielekeza ukutani.