Doa Lenye Mwanga

Jua liliaga Harstad mwishoni mwa Novemba,
likasema tuonane Januari.
Mwanga uliombakia Torbjørg
ulikuwa wa skrini,
na ndani ya skrini, doa.

Jekundu. Pana kama wilaya.
Mita elfu moja na mia tisa chini ya sakafu ya Barents,
kwenye kijivu, kijivu, kijivu kingine,
hapo jiwe lilipaza sauti.

Kazi yake ni hii: meli huburuta nyaya kilomita nane,
bunduki za hewa huipiga bahari ngumi,
ngumi huzama, hugonga tabaka, hurudi.
Jiwe lenyewe haoni. Husoma mwangwi:
umerudi lini, na umerudi na nguvu gani.
Mchanga ulioshiba maji hujibu kwa adabu.
Wenye gesi hulegea, hulichelewesha wimbi,
na ule mshtuko wa mpakani ndio ung'aao.

Akalipima doa kwa pembe ya karibu: linang'aa.
Kwa pembe ya mbali: linazidi.
Na chini yake, matabaka yote yakiwa yameinama,
mstari mmoja umelala sawa kama maji ya birika.
"Mawe hayalali hivyo," alimwambia Eilif.
"Vinavyolala hivyo ni vimiminika."

Bibi yake, kule Senja, aliupindua mkate
ukitoka tanurini, akaugonga tumboni kwa konzi.
Ukilia kama ngoma, umeiva.
Ukinyamaza, rudisha.
Torbjørg alikulia humo: gonga, sikiliza, amini.

Eilif alikuwa na swali moja,
akilileta kila Jumatatu pamoja na kahawa:
"Gesi kiasi gani?"
Doa likazidi kung'aa.
Halikujibu.

Walichimba Juni, jua limekataa kutua,
siku ishirini na tatu,
kwa fedha ambazo mji ungejengea hospitali.
Keekee ikaingia mchangani palepale aliposema,
akakosea mita mbili tu.
Mchanga safi. Gesi ipo.
Asilimia nane.
Sehemu iliyobaki, maji ya chumvi.

Debe tupu haliachi kuvuma.
Waliotuachia usemi huo hawakuchimba kisima baharini,
lakini fizikia yake waliijua yote.
Viputo vichache hulilegeza jiwe
karibu sawa na gesi tele;
soda iliyoachwa wazi tangu jana
bado huuma ulimi.

Ilikuwaje?
Barafu ilikaa juu ya nchi ile, kilomita nzima kwenda juu,
ikaikwangua mgongo, kisha ikayeyuka.
Nchi ikainuka, kama mpagazi aliyetuliwa mzigo,
mwamba wa paa ukafanya nyufa,
na gesi ikaenda zake, pumzi kwa pumzi,
kabla hajazaliwa mtu wa kuiita mali.

Torbjørg hakukosea mahali.
Alifika nyumba ya karamu, akakuta taa zinawaka,
viti vimepangwa,
na wageni waliondoka zamani.

Hakuna aliyemlaumu, nalo hilo lilimchoma zaidi.
Mkuu wa idara alisema "data nzuri" mara tatu.
Asgeir wa jukwaani alimtumia kichupa
cha maji yaleyale ya kisimani,
kimefungwa kwa utepe wa kuzuia umeme,
na karatasi: *Miaka mingi kuliko sisi. Usinywe.*

Kipo dirishani kwake mpaka leo.
Majira yote ya giza ni kichupa tu,
nyuma ya chungu cha ua lisilotaka kukua.
Halafu Januari, adhuhuri moja,
jua huchungulia juu ya mlima kwa dakika nne,
na kichupa huwaka chote, chekundu,
kiasi kwamba wageni huuliza kuna nini ndani.

Yeye huwapa wakishike.
Watikise, kama wanataka.
Wasikilize.