Bubu

Sahani ina vishimo tisini na sita,
vidogo, kimoja hakijai machozi mawili.
Cha mwisho, kule pembeni, hatukitii damu ya mtu,
ni maji matupu na dawa. Tumekipa jina Bubu.
Kazi yake kunyamaza.

Miezi saba hapa Wete, Bubu akisema.

Tunafunga mlango wa mashine,
namba zinapanda kiooni:
damu ya mgonjwa, mia nne na kumi.
Bubu, mia tatu na tisini.
Nimwamini nani?
Kirusi cha ini kikiwa haba, nakala kumi katika tone,
mwanga wake ni wa kimulimuli aliyetua Konde
nawe unamtafuta ukiwa Mkoani.

Nikabadili sabuni. Nikaosha mara tatu, mara tano, mara tisa,
hata Shaame akaniuliza: unaosha vishimo au unaosha maiti?
Nikapunguza kimeng'enya.
Nikaziba nyufa za mlango kwa utepe mweusi.
Nikalaumu umeme, nikalaumu maji,
siku moja nikamlaumu Shaame na shati lake jeupe.

Ijumaa ile sahani za dirishani zikaisha.
Nikapiga magoti, nikavuta katoni iliyosahauliwa chini ya meza,
vumbi tupu, na mende mmoja.
Bubu: kumi na moja.

Nikakaa kitako sakafuni.
Kumbe sahani nyeupe hunywa jua.
Kutwa zilikunywa pale dirishani
kisha zikalitapika mbele ya mashine,
nami miezi saba nausoma ulevi wao
nikidhani ni ugonjwa wa watu.
Nilikuwa natafuta nuru.
Kilichonipungukia ni kiza.

Sasa nazilaza usiku mzima ndani ya buibui kuukuu la mama,
mikunjo minne, na pini.

Sampuli ya thelathini na tatu, mja mzito wa Kojani.
Vipimo viwili vya nyuma vilimwambia: huna.
Mashine ikasema arubaini na sita.
Nikarudia. Arubaini na nane.
Bubu kimya.

Nikapiga kelele ya furaha, Shaame akaja mbio,
kisha nikakumbuka ninachokifurahia.
Astaghfirullahi.
Jina lake Mtumwa, namba ya simu ni ya mumewe.
Mtoto atadungwa sindano siku ile ile ya kuzaliwa,
tukiwahi.

Nimeshika simu. Sijui naanzia wapi.
Na mama tangu asubuhi anauliza
buibui lake litarudi lini.