Meza ya Sakafu Iliyoinama

Baba yangu, Remigio Oyarzún, seremala wa Achao,
hakuitengeneza meza ile kwa ajili ya dunia nzima.
Aliitengeneza kwa jiko letu tu,
jiko lililoinamia upande wa bahari
tangu mwaka ule ardhi ilipotikisika
na nguzo mbili za nyumba zikazama shubiri nzima matopeni.

Majirani wakasema, inyanyue.
Akasema, nyumba imechoka, iacheni ikae.
Akapiga magoti na penseli yake,
akaipima sakafu kama daktari asikilizaye mapafu,
kisha akakata miguu minne, kila mmoja na urefu wake.

Miaka hamsini na mitatu supu haikumwagika.

Maneno yake yalikuwa haba.
Ulimi aliuweka kwenye mbao:
ulimi wa ubao huu ndani ya tundu la ule,
bila msumari, bila gundi,
na ukisikia "tk", basi, amekwisha kusema.
Ndivyo alivyomposa mama, mimi nilidhani.
Mama Edelmira alisimulia vingine:
alimletea sanduku la viazi, zawadi, la alerse nyekundu kama chai,
likakataa kupita mlangoni.
Wakalizungusha mvuani tangu asubuhi hadi saa sita,
wakacheka hata akasahau kumkatalia.

Penseli aliitafuta kila siku,
na kila siku iko sikioni.
Sisi tulijua, hatusemi.
Tulingoja ageuke atukute tumejipanga,
Nolberto, Otilia, wale pacha, Celso kabla ya homa, na mimi kitinda mimba,
aseme, "Mnacheka nini, nyie maranda?"
Maranda.
Ndilo jina alilotupa: vitu vilivyotoka kwenye mti wake,
vikajikunja, vikapeperuka.

Alikuwa na makosa. Nayataja
kwa kuwa yeye hakuwahi kuziba ufa kwa rangi.
Alimpiga Nolberto mara moja, kwa patasi iliyoachwa mvuani,
na msamaha hakuomba.
Alichonga mpini mpya tu,
wa kiganja cha mtoto wa miaka tisa.
Leo Nolberto ana sitini na miwili. Anao bado.

Jeneza la Celso alilitengeneza mwenyewe, usiku.
Tulilala macho, tukisikia randa
ikienda, ikirudi, ikienda,
kisha kimya kirefu,
kisha ikienda.
Asubuhi mama akayafagia yale maranda, akayatia gunia.
Mwezi ule kuni zote zililowa,
na hakuyachoma.

Yeye tulimzika Agosti, mvua ikinyesha kwa ubavu.
Jeneza la dukani, kutoka Castro,
lenye vishikio vinavyong'aa na skrubu nane.
Nilimwona Otilia akipitisha kidole gumba kwenye kona yake,
taratibu, kama ambavyo baba angefanya,
akakuta pengo.
Hakusema kitu. Na yeye ni Oyarzún.

Nyumba ikauzwa. Meza ilinifuata mimi,
ikavuka kwa pantoni, ikapanda lifti
hadi ghorofa ya saba hapa Puerto Montt,
kwenye sakafu iliyonyooka kama amri.
Supu ikamwagika siku ya kwanza,
ikakimbia kuipa bahari kisogo.

Mume wangu akaleta msumeno. Dakika mbili tu, akasema.
Nikamwambia arudishe.
Akakunja kadibodi, akaikunja tena, nikaitoa.

Anayetaka kujua jiko letu lilikaaje
aje asome miguu hii.
Nyumba haipo, wamejenga hoteli ndogo juu ya zege,
lakini meza bado inaishikia mteremko wake.

Mjukuu wangu ameweka gololi upande wa dirishani.
Inabiringika polepole, inapita alama ya kisu, inapita duara la birika,
inanifikia mkononi.
Anaitaka tena.