Sema Thelathini na Tatu

Julai, upepo wa Punta Arenas haubishi hodi.
Huingia na mgonjwa, humtangulia kuketi.
Bi Edelmira Barría, miaka sitini na minane,
makoti mawili, kiganja ubavuni kulia
kama ashikaye mkoba usiibiwe.

"Kichomi," akasema.
Nilisoma miaka saba nisipewe neno
linalochoma kama hilo.

Siku nne anakohoa. Juzi alitetemeka
hadi vikombe rafuni vikaitikia.
Na makohozi? Akafunua leso, akaifunga upesi:
rangi ya kutu, ya komeo la kiwanda
kilichofungwa zamani.

Nikahesabu pumzi zake bila kumwambia,
maana pumzi ikijua inahesabiwa hujitia adabu.
Vidole vyangu kwenye mshipa wake, macho kifuani:
ishirini na nane kwa dakika.
Mtu ameketi, na anakimbia.

Nikamgonga mgongo, kidole juu ya kidole.
Kushoto, ngoma. Kulia chini, gogo.
Nikasikiliza: chumvi ikimwagwa kwenye kikaango cha moto.
Nikaweka kiganja, nikasema
tunavyofundishwa sote huku kusema:
"Sema thelathini na tatu."

"Thelathini na moja."

"Thelathini na tatu, mama."

"Thelathini na moja."

Nikakunja kidole.
Hatari tunaipima kwa vidole vitano:
akili iliyovurugika, urea kuzidi kwenye damu,
pumzi kufika thelathini, presha kuporomoka,
na umri, sitini na tano kwenda mbele.
Umri alikuja nao. Sasa na akili?

Baridi iliyopita alikuja Nolberto Mansilla,
dereva wa lori la sufu. Homa hana, kikohozi kidogo.
Mkewe akasema, leo katia chumvi kwenye chai.
Nikacheka. Tulicheka wote watatu.
Pumzi zake sikuzihesabu.
Alfajiri walinipigia simu.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshika simu,
natafuta kitanda hospitalini,
bintiye Rosalba alipoangua kicheko:
"Daktari, huyu yuko timamu kukushinda.
Alifungasha kaa kwenye makopo miaka thelathini na moja.
Ofisi ya pensheni ikamwandikia thelathini na tatu kwa makosa,
akaenda kwa miguu, kwenye theluji, kuwaambia wapunguze.
Mwaka ambao hakuufanyia kazi haupokei,
hata wa kugongewa mgongoni."

Nikamuuliza leo ni siku gani. Jumanne.
Yuko wapi?
"Mbele ya kijana asiyejua hesabu."

Nikakunjua kidole.

Presha nzuri. Urea ya kawaida. Oksijeni tisini na tatu.
Katika eksirei, chini kulia, ukungu mweupe
umekalia pafu kama mgeni asiyeaga.
Nikamwandikia amoksilini kila baada ya saa nane,
siku saba, asikatize hata akijiona mzima;
maji, mto wa pili kitandani. Sigara, hapana.
Nikamwambia Rosalba: akihema zaidi ya leo,
midomo ikigeuka rangi, akianza kusema yasiyoeleweka,
usingoje kuche.
"Nitajuaje yasiyoeleweka?"
"Akikubali thelathini na tatu."

Siku ya tatu nikaenda kwao. Homa ilikuwa imeshuka,
pumzi kumi na tisa. Kikohozi bado,
nacho hukawia; hilo nilimwonya.
Alikuwa amekasirika kwa sababu ya supu.

Septemba, eksirei ya pili, maana alivuta sigara miaka mingi
na ukungu waweza kuficha kitu kingine.
Haukuficha. Nikaweka viganja vyote viwili.
Hakungoja niseme.
"Thelathini na moja," na ikatetema
kushoto na kulia, sawasawa.

Akachomwa chanjo, akavaa makoti yake.
Mezani akaacha kopo la kaa.
"Imeandikwa gramu mia mbili," akasema. "Pima."

Nililipima.